Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Uliyopitia Shuleni na Malengo Yako Mwaka wa Kwanza Chuoni

Maswali haya hurudiwa na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa vyuo vikuu vya Tanzania, tangu wiki ya kuripoti hadi matokeo ya semista ya kwanza yanapobandikwa. Kwa juu yanahusu kozi, mkopo au GPA (wastani wa alama za chuo). Ukiyachimba kidogo unaikuta sekondari: kombi (mchanganyiko wa masomo) uliyopangiwa, divisheni (daraja la matokeo) uliyopata, mwalimu aliyekusifu au aliyekuvunja moyo mbele ya darasa. Majibu yanajitegemea, kwa hiyo anza na swali linalokugusa.

## Mambo ya msingi

1. Sekondari nimeshaimaliza. Kwa nini niendelee kuifikiria?

Kwa sababu malengo uliyokuja nayo yametengenezwa huko, na sehemu kubwa hukuyatengeneza peke yako. Kidato cha pili kilipoisha uligawanywa, huyu sayansi, yule sanaa au biashara. Kidato cha nne ukajaza Selform (fomu ya kuchagua shule na kombi), pengine ofisini kwa mwalimu wa taaluma huku foleni ya wenzako ikikusubiri mlangoni. NECTA (Baraza la Mitihani) wakatoa matokeo, TAMISEMI wakakupangia shule na kombi, na baada ya kidato cha sita vigezo vya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) vikaamua ni kozi zipi unaweza hata kuziomba.

Kila hatua ilifunga milango kadhaa. Anayesema leo "nataka kuwa mhasibu" anaweza kuwa anamaanisha kwamba, kwa ECA yake (kombi ya Uchumi, Biashara na Uhasibu) na alama zake, uhasibu ndio mlango uliobaki wazi. Hakuna aibu katika hilo. Lakini ukilijua mapema, utajielewa vizuri semista ya pili kazi zitakapokuwa nzito na ari ikashuka.

2. Nitajuaje kama lengo langu ni langu kweli au nilipewa?

Jiulize ni lini ulilitamka kwa mara ya kwanza, na nani alikuwepo. Kisha jiulize ni kazi gani ya siku nzima ndani ya lengo hilo unayoifahamu.

Chukua wasichana wawili wanaosema wanataka kufanya kazi ya afya. Wa kwanza anakumbuka akiwa darasa la nne, mwalimu akimuuliza atakuwa nani, naye akajibu "daktari", darasa zima likapiga makofi. Ukimuuliza zaidi, anakuelezea koti jeupe. Wa pili alimuuguza bibi yake mwenye kidonda cha kisukari. Anajua kulowesha bandeji kabla ya kuibandua ili ngozi isichubuke, anajua harufu inayoonyesha kidonda kinaharibika, anajua bibi alikuwa na aibu ya kushikwa mguu. Huyu wa pili lengo lake lina nyama.

Sisemi wa kwanza aache. Lengo ulilopewa linaweza kuwa lako ukilitafutia nyama hiyo: omba kukaa siku moja mahali kazi hiyo inapofanyika, uone na yale yasiyopigiwa makofi.

3. Sina lengo lolote. Niliomba kozi hii kwa sababu sifa zilitosha. Nimechelewa?

Hujachelewa. Kwa miaka mingi ulipimwa kwa majibu uliyotoa, na ni nadra mtu kukuuliza unataka nini. Usijilazimishe kutunga lengo ili uwe na la kujibu watu wakikuuliza. Mwaka huu wa kwanza angalia unasoma nini hata kisipokuwa kwenye mtihani, na ni mjadala gani unaokufanya uchelewe kwenda kula. Mafunzo ya vitendo, yaani fildi, yatakufundisha mengi kuliko nasaha za mtu yeyote, kwa hiyo usichague eneo la fildi kwa sababu tu liko karibu na nyumbani.

## Kombi, divisheni na alama

4. Nilisoma PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) na ukoo mzima ulijua nitakuwa daktari. Nimechaguliwa kozi nyingine. Nifanye nini na ndoto hiyo?

Kwanza uruhusiwe kuhuzunika. Umebeba jina la daktari tangu kidato cha tano, pengine watu nyumbani walishaanza kukuita hivyo, na limeondoka kwa alama ya somo moja. Wanaokuambia "mshukuru Mungu umepata chuo" wana nia njema, lakini wanakunyima nafasi ya kuomboleza kitu ulichokipoteza kweli.

Huzuni ikipungua, ichambue ndoto yenyewe. Ndani ya "udaktari" mara nyingi kuna mambo manne au matano yaliyofungwa pamoja: kupenda kuujua mwili wa binadamu, kutaka kuwa karibu na wagonjwa, heshima ya mtaani, mshahara, kuinua nyumbani. Kila moja lina njia zake. Anayependa kukaa na wagonjwa, uuguzi utampa muda mwingi kitandani mwa mgonjwa. Anayependa kujua ugonjwa unatoka wapi anaweza kufurahi zaidi kwenye sayansi ya maabara. Anayependa dawa yupo famasi, na kule SUA (Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine) Morogoro kuna udaktari wa mifugo, fani ambayo wanafunzi wengi wa PCB hawaifikirii kabisa hadi wanapokutana na anayeisoma.

Kama ukichambua yote bado unataka udaktari wa binadamu, basi unautaka kweli. Wapo wanaorudia mtihani kama watahiniwa wa kujitegemea na kuomba upya. Ukifuata njia hiyo, toka chuoni kwa barua na utaratibu rasmi, usitoroke, maana usajili wako unabaki kwenye mifumo. Na kumbuka kwamba fedha za mkopo ulizokwisha kupokea zinabaki kuwa deni lako.

5. Nilitoka na wani (divisheni ya kwanza) kidato cha sita. Semista ya kwanza nimepata GPA 2.6. Nimepotea?

Hapana, ila kipimo kimebadilika na hakuna aliyekuelezea. Kidato cha sita pointi chache ndizo zilizokuwa bora: wani inaanzia pointi 3 hadi 9, na mwenye wani ya pointi 3 ndiye anayebebwa juu juu. Chuoni GPA inapanda hadi 5. Katika vyuo vingi vyetu daraja la kwanza linaanzia 4.4, la pili la juu 3.5, la pili la chini 2.7, na kufaulu kwa kawaida 2.0.

Sasa piga hesabu. Shahada ya miaka mitatu ina semista sita. Tuseme zina uzito sawa. Ukiwa na 2.6 ya kwanza, unahitaji wastani wa takriban 3.7 katika tano zilizobaki ili umalize na 3.5. Ni kazi, lakini ni kazi inayowezekana. Kinachowaangusha wengi ni kwamba wakiiona 2.6 wanashusha lengo siku hiyo hiyo: "nitafute tu cheti nitoke."

Tafuta kwanza sababu. Sekondari, hasa zile zinazoshindania nafasi za juu kitaifa, mwalimu alimaliza silabasi, akakupa pasti pepa (mitihani iliyopita) za miaka kumi, na prepo ya usiku ilikuwa lazima. Ulisoma kwa kengele. Hapa hakuna kengele, na mhadhiri anaweza kufundisha saa mbili kutoka kitabu ambacho hakuna aliyekunakilishia. Aliyezoea kukremu (kukariri) madesa, yaani notsi za kupeana, wiki ya mwisho anapata mshtuko. Pia ulikuwa miongoni mwa kumi bora mkondo wenu, na sasa umekaa ukumbi mmoja na kumi bora wa shule kama Ilboru, Kibaha, Kilakala, Msalato na Tabora. Kuwa wa katikati humu hakukufanyi mjinga.

6. Nilipata divisheni three, na kila mtu hapa ananizidi. Niweke malengo madogo?

Ulichaguliwa kwa sababu ulitimiza vigezo. Kiwango cha chini cha jumla kwa wanaotoka kidato cha sita ni prinsipo mbili (masomo mawili yaliyofaulu kwa A hadi E) zenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5 na E ni 1, kisha kila kozi ina masharti yake. Ukishavuka hapo, hesabu ya GPA inaanza sifuri kwa kila mtu. Soma hesabu ya swali la 5: inakuhusu wewe kama inavyomhusu mwenye wani.

7. Nimetoka shule ya kata. Maabara ya chuo inanitisha, nafikiri sayansi haikuwa yangu. Je, nihame?

Usihame bado. Shule za kata zilienea nchi nzima kuanzia mwaka 2004 kupitia Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, na zimewafikisha chuoni watoto ambao wazazi wao wasingeweza kamwe kulipa shule ya bweni. Nyingi zilienda miaka mingi na walimu wachache wa sayansi na maabara zisizokamilika. Kama bureti (mrija wa maabara wenye koki, wa kupimia kimiminika) uliishika mara chache tu kabla ya mtihani wa taifa, huo ni upungufu wa vifaa, na unazibika.

Tazama kinachotokea kwenye kundi la watu watano siku ya taitresheni, jaribio la kemia linalotumia bureti hiyo. Wawili waliotoka shule zenye vifaa wanasogea mezani, mmoja anafungua koki, mwingine anatikisa chupa. Aliyetoka shule ya kata anarudi nyuma nusu hatua, anachukua daftari na kusema, "Mimi nitaandika." Anaandika vizuri, mwandiko safi. Wiki ijayo anaandika tena. Semista inaisha hajashika koki, na anakuambia kwa dhati kwamba hapendi maabara, anataka kuhamia utawala. Lengo lake limepunguzwa na ile nusu hatua.

Kwa hiyo wiki hii, daftari mpe mwingine. Kisha mwendee fundi sanifu wa maabara, umwambie ukweli kwamba hukupata mazoezi, umwombe muda nje ya kipindi. Wengi wao ni watu wema sana kwa mwanafunzi anayeomba. Ukishashika vifaa hadi mkono ukazoea na bado hupendi, nenda swali la 11.

## Lugha, walimu na uongozi

8. Naelewa somo lakini nashindwa kujieleza kwa Kiingereza. Nimeanza kukwepa kozi za kuongea. Nifanyeje?

Hili ndilo linalopindisha malengo ya wengi kimyakimya. Ulisoma msingi kwa Kiswahili, ukaingia sekondari vitabu vikageuka Kiingereza. Darasani mwalimu alieleza kwa Kiswahili ili mwelewe, ubaoni akaandika Kiingereza ili mnakili. Katika baadhi ya shule mlichapwa au mkavalishwa kibao shingoni kwa kuongea Kiswahili. Mtu aliyepita huko anafika chuoni akiwa na maarifa kichwani na hofu mdomoni, kisha anafuta sheria, uandishi wa habari, uongozi na hata shahada ya uzamili kwenye orodha yake, akidhani hana akili ya kutosha.

Jenga hoja yako kwanza kwa Kiswahili, kwenye karatasi, hadi iwe imara. Ndipo uivushe kwa sentensi fupi. Kwenye semina jitolee kusema mapema, kabla wenye maneno mengi hawajamaliza hoja zote. Kozi ya stadi za mawasiliano ya mwaka wa kwanza wengi huichukulia kama ya kupita tu. Kwako wewe huenda ndiyo kozi muhimu kuliko zote za mwaka huu.

9. Mwalimu aliniambia mbele ya wenzangu kwamba sitafika popote. Nasoma ili nimwonyeshe. Ni vibaya?

Hasira hiyo imekufikisha mbali, na huna haja ya kuionea aibu. Tatizo ni kwamba umeshafika. Mwalimu yule hayupo ukumbini, pengine hakumbuki hata alichosema, na hasira pekee haikuambii uchague nini kati ya kodi na ukaguzi. Unahitaji sababu ya pili, inayohusu kazi yenyewe.

Upande wa pili upo pia: wengi huchagua somo kwa sababu ya mwalimu waliyempenda. Soma kitabu kimoja cha fani hiyo bila sauti yake. Ukiendelea kusoma hadi mwisho, somo ni lako.

10. Nilikuwa dada mkuu. Nigombee uongozi chuoni?

Gombea, lakini ujue mamlaka ya kiranja yalitoka kwa mwalimu wa zamu. Kwenye serikali za wanafunzi kama DARUSO, UDOSO au SUASO unaomba kura kwa watu wasiokuogopa, kisha unawahoji wakubwa kwa niaba yao. Anza na uwakilishi wa darasa. Kama unachokikosa ni kuheshimiwa tu, huko hutakipata.

## Kubadili njia

11. Nataka kuhama kozi. Nitajuaje kama si uchovu tu?

Ukikimbia mhadhiri mmoja, testi moja mbaya au upweke wa hosteli, kozi mpya haitakuponya. Hudhuria mihadhara ya kozi unayoitaka kwa wiki mbili, tazama mitihani ya nyuma ya mwaka wa pili, ongea na wa mwaka wa tatu aliyetoka fildi. Ukirudi bado unaitaka, fuatilia haraka: uhamisho wa ndani hufanyika wiki za mwanzo, lazima uwe na sifa za kozi mpya na nafasi iwepo. Kabla ya kusaini chochote, pita dawati la mikopo uulize mkopo wako utaathirikaje.

Kubadili si usaliti kwa sekondari yako. Julius Nyerere alisoma Tabora, akachukua ualimu Makerere, akafundisha Biolojia St. Mary's Tabora, kisha akaenda Edinburgh akasomea sanaa na kumaliza mwaka 1952.

12. Nimepangiwa ualimu. Wenzangu wanasema ni kozi ya waliokosa. Ni kweli?

Wapo walioujaza mwishoni mwa orodha, hilo halifichiki, na ajira za serikali kwa walimu zina foleni ndefu. Panga maisha yako ukilijua hilo, na uwe na kingine mkononi.

Lakini kama ulisoma shule ambayo haikuwa na mwalimu wa Hisabati kwa muhula mzima, mkafundishana wenyewe kwa pasti pepa, wewe unajua jambo ambalo wanaokucheka hawalijui. Unajua mwalimu akikosekana inagharimu nini, na ni nani anayelipa. Hilo ni lengo zito kuliko mengi yanayotamkwa kwa sauti kubwa hosteli. Lishike.

## Nyumbani

13. Mimi ni mzazi. Niliuza kiwanja ili asome uhandisi, na sasa anasema hautaki. Nimlazimishe?

Mzazi wetu, uchungu wako ni wa haki. Mwite mkae, umwulize anachotaka kukifuata kabla ya kumwuliza anachokikimbia. Kama ana jibu lenye maelezo, amekwenda kuona, amezungumza na watu, anajua na ubaya wake, basi kiwanja chako kimezaa kijana anayefikiri. Kama hana, mwombe amalize mwaka kwanza. Mwonyeshe pia swali la 11.

14. Mimi ni wa kwanza kufika chuo ukoo mzima. Bumu (fedha ya mkopo ya kujikimu) likiingia, nusu linakwenda nyumbani. Malengo yangu nitayatimizaje?

Kuwasomesha wadogo zako ni lengo halali, hata kama kwenye fomu za ushauri halina kisanduku chake. Linachofanya ni kukusukuma kwenye njia ya haraka: kazi yoyote, mapema, hata kama ungeweza kwenda mbali zaidi.

Kinachosaidia ni kiasi kinachojulikana. Bumu linaingia asubuhi, na kabla ya mchana simu zimeanza: dawa ya mama, sare ya mdogo, mbolea ya mjomba. Ukikubaliana na mama mapema kwamba kila awamu utatuma kiasi fulani na yeye ndiye atakayegawa, utaacha kuwa benki ya kila mtu. Fedha iliyobaki ni ya chakula chako. Mwanafunzi anayekunywa chai mara moja kwa siku hafaulu, na asipofaulu wadogo wanakosa wote. Kumbuka pia kwamba ukiajiriwa, mkopo hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Usiwaahidi nyumbani fedha hiyo.

## Hali za pekee

15. Nimetokea diploma na nimeshafanya kazi. Yananihusu haya?

Kwa sehemu. Wewe kazi unaijua, na lengo lako lina nyama tangu mwanzo (swali la 2). Ugumu wako huwa nadharia na hisabati ambazo wenzako wa advansi (kidato cha tano na sita) wamezisoma juzi. Unda nao kundi la kujisomea: wakupe fomula, nawe uwaambie inavyokuwa kazini.

16. Niliacha shule kwa ujauzito, nikarudi. Wenzangu hawajui. Naharakisha kila kitu ili nifidie miaka. Ni sawa?

Huwajibiki kumweleza mtu. Waraka wa Novemba 2021 uliwafungulia wasichana kama wewe mlango wa kurudi shule za serikali, na kabla ya hapo wengine walipitia Mtihani wa Maarifa (wa kufuzu kwa walio nje ya shule) na utahiniwa wa kujitegemea, njia ngumu kuliko waliyopita wengi wa ukumbini kwenu.

Angalia hiyo haraka tu. Anayejiona amechelewa huchagua kozi fupi, fildi rahisi, kazi ya kwanza inayotokea. Kama una mtoto, ofisi ya mshauri wa wanafunzi iambiwe, kwa siri, kwa sababu siku atakapougua wakati wa mitihani ni vizuri wawe wanalijua hilo tayari.

17. Kuna mtu alinidhuru nikiwa bweni. Nakwepa hosteli, na somo alilokuwa anafundisha siwezi kulisoma. Je, hilo linaweza kubadili lengo langu?

Linaweza, na si udhaifu wako. Huna lazima ya kulirudia somo hilo ili uthibitishe umepona. Zungumza na mshauri nasaha, au dawati la jinsia la chuo au la polisi, hata kama imepita miaka. Maamuzi makubwa ya kozi, yaache kwanza uwe na mtu wa kuongea naye.

18. Nimedisco (nimeondolewa chuoni kwa kufeli) mwaka wa kwanza. Kuna lengo lililobaki?

Lipo, na hatua ya kwanza ni karatasi. Chukua matokeo yako ya kila kozi, yaliyofaulu na yaliyofeli, kabla hujaondoka mjini. Mara nyingi yanaonyesha mtu aliyeanguka kozi tatu za aina moja na kufanya vizuri kwingine, na hapo ndipo penye dalili ya njia inayokufaa. Unaweza kuomba upya kupitia utaratibu wa TCU kama una sifa, kuanza diploma kwenye vyuo vilivyo chini ya NACTVET (baraza linalosimamia elimu ya ufundi), au kuangalia Chuo Kikuu Huria. Waulize Bodi ya Mikopo hali ya deni lako kabla ya kuomba tena, na waambie nyumbani mwenyewe, mapema, kwa mdomo wako.